Chunjua za Tusekile

Jumanne saa mbili asubuhi, tabibu Lugano alifungua mlango wa zahanati akakuta chunjua saba zimekaa kwenye benchi, zimemtangulia mzee mwenye kikohozi. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa punje ya mpunga. Akaziita ndani kwanza, kwa kuwa ndizo zilizowahi.

"Shikamoo, tata," ilisema kubwa yao. "Tumetoka kwa Tusekile, kwenye mkunjo chini ya titi."

Lugano alimjua Tusekile kwa kivuli tu. Ni mke wa mtoto wa kaka yake, na kwa Wanyakyusa wa kijiji kile mkwe hasimami mbele ya baba mkwe, wala mbele ya ndugu wa baba mkwe. Miaka sita Tusekile alimweleza ugonjwa wake kutoka nyuma ya dirisha: ngozi inawaka, inachubuka, inatoka maji. Miaka sita Lugano alimpitishia dawa ya kupaka dirishani, na agizo lilelile: kaa mkavu. Muuguzi wa kike ambaye angeweza kumtazama alihamishwa, hakuletwa mwingine. Na mwanamke huyo, ngozi ikimuungua, alipandikiza ekari mbili za mpunga kila msimu, mistari imenyooka kama uzi uliovutwa. Lugano hakuwahi kuona mkono kama ule.

Chunjua si mkwe. Aliziweka chini ya taa, akazikagua moja moja.

"Virusi," alisema. "Mliota lini?"

"Mwaka jana. Hatukuvunja mlango, tata. Ngozi tuliikuta wazi."

"Nilimwambia akae mkavu!"

"Akaukie wapi?" ilicheka ndogo yao. "Pikipiki yako ikisikika, asubuhi na jioni, mama anashuka mferejini, maji kifuani, mpaka upite."

Mzee mlangoni aliacha kukohoa ili asikie vizuri. "Njia yenyewe ni moja," alisema. "Angejificha wapi?"

Lugano aliandika rufaa ya kwenda hospitali ya Kyela. Chunjua zikamkumbusha kuwa hii ni wiki ya kupandikiza, mama hataacha shamba. Akazipa dawa ileile. "Ndaga fijo," zilishukuru, zikarudi kwa Tusekile, maana hazikuwa na kwao pengine.

Jioni Lugano alizima pikipiki mbali na shamba, akaisukuma kimyakimya. Tusekile alikwisha kumwona. Alishuka mferejini, akampa kisogo, maji yakamfika kifuani. Mkono ukaendelea kuchomeka miche ukingoni, na mstari haukupinda.

Kwa kusukuma angemchelewesha majini. Lugano akawasha pikipiki, akapita mbio, uso ameugeuzia upande wa pili.