Gari la Kipkirui Lachemka Bondeni

Okeyo alikuwa ameshaamua. Huyo kijana atakuja, atapewa chai, atashukuru, ataenda zake. Habari ya wazee wake kuja kumposa binti yake Mitchelle, hiyo Okeyo hakutaka hata kuisikia, na sababu ilikuwa moja tu. Kijana alikuwa mtu wa kaunti, mwajiriwa wa serikali.

Tangu mkewe Nakhumicha afie kwenye benchi la hospitali akingoja mashine iliyosemekana imeharibika, Okeyo aliwatia wenye vyeo wote katika gunia moja. Wa afya, wa maji, wa barabara, wote. Kilichomuuma zaidi si mashine. Mashine ni chuma, na chuma huharibika, yeye ni fundi, anajua. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama machoni akamwambia, "Mzee, hapo tulikosea." Kila ofisi ilimtuma kwa ofisi nyingine, mpaka akarudi gereji yake huku mtaa wa Bondeni, Nakuru, akawa anawatukana akiwa amelala chini ya magari ya watu.

Mitchelle alikuwa mtoto wake wa pekee, na alimwomba kwa upole. "Dad, Kipkirui ni wa ofisi ya barabara. Hata hospitali hajui iko mlango gani."

"Barabara?" Okeyo akacheka kicheko kikavu. "Hiyo ndiyo mbaya kabisa."

Basi Jumamosi hiyo, jua likiwa limepanda vizuri, gari likaingia uani. Lilikuwa gari la michezo, la chini, jeusi, lenye tundu la kuvuta hewa juu ya boneti, na lilikuwa limeoshwa mpaka likawa kioo. Ubaya ni kwamba mvuke ulikuwa unatoka pande zote za boneti, na maji yanadondoka njia nzima.

Odero, jirani anayeshona viti vya magari katika ua huohuo, aliweka sindano chini ili afaidi vizuri.

"Jaduong', mzee wangu!" akaita. "Mkwe wako amekuja na chai yake! Ameipika kwa boneti!"

"Sina mkwe," Okeyo akasema.

Kipkirui alishuka, suti ya kijivu, tai, jasho usoni. Akamsalimu Okeyo kwa mikono miwili, halafu kwa ile aibu ya mgeni akakimbilia boneti, akafungua, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Wacha!" Okeyo alimdaka mkono. "Unataka kuoa bila uso?"

Mitchelle akaziba mdomo. Hata Okeyo mwenyewe alishtuka kusikia neno lililomtoka, kuoa, lakini lilikuwa limeshatoka.

Injini iliyochemka haiguswi mpaka ipoe, na mtu ambaye gari lake haliguswi hawezi kwenda zake baada ya chai. Kwa hiyo walikaa. Walikunywa chai, wakala mandazi, chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Kipkirui alikaa ukingoni mwa kiti akijibu anachoulizwa. Kwa vile hawakuwa na lingine la kuongea, Okeyo alimuuliza kuhusu gari.

"Limeanza lini?"

"Leo, baba. Nimetoka Mai Mahiu nikiwa sawa. Kupanda ile milima, mshale wa joto ukaanza kucheza. Nikiweka hita, mara inatoa moto, mara inatoa baridi. Nilipofika Gilgil maji yakaanza kutapikwa. Fundi mmoja wa kando ya barabara akaniambia ni gasket ya kichwa cha injini imeungua, eti nivutwe tu na kamba."

"Ni gasket!" Odero akapiga kelele kutoka kwake. "Gari ya turbo ikitapika maji ni gasket! Leta kamba!"

Okeyo aliweka kikombe chini. Kwa dakika nzima aliona namna jambo lilivyokuwa rahisi. Aseme ni gasket, lori livute gari, kijana aondoke na suti yake akiwa ameaibika, na hakuna atakayelaumiwa. Lakini kuna vitu mtu hawezi kufanya hata akiwa na hasira, na Okeyo hakuweza kusema uongo juu ya injini.

Ilipopoa, akasimama. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole: oili safi, haijageuka rangi ya maziwa. Akamwagiza Kipkirui aongeze maji, awashe. Akashika bomba la juu la rejeta, akaliminya. Gasket ikiwa imeungua, moto wa silinda huingia ndani ya maji, na bomba huwa gumu kama mti injini ingali baridi. Hili lilikuwa laini. Akachungulia kichupa cha maji ya akiba. Hakuna mapovu yanayofuatana. Akanusa. Hakuna harufu ya moshi.

"Si gasket," akasema, na Odero akarudi kwenye sindano yake kama mtu aliyenyimwa nyama.

"Kwa hivyo ni nini, baba?"

"Ni hewa. Hewa imekwama juu huko, inazuia maji kuzunguka. Ndiyo maana hita yako inabadilika-badilika." Okeyo akainama. Gari la aina hii lina vifuniko viwili: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye katangi kadogo kalikoinuka karibu na turbo. Hako katangi ndiko juu kabisa, ndiko hewa inakokimbilia. Kifuniko chake huwekewa springi laini kidogo ili kifunguke kwanza na kuitoa hiyo hewa. Kile cha rejeta huwa kigumu, kikae kimya. Okeyo akapangusa maandishi ya vifuniko vyote viwili kwa kidole. Kigumu kilikuwa kwenye katangi. Kile laini kilikuwa kwenye rejeta.

Akainuka polepole.

"Hivi vimebadilishwa," akasema. "Nani alivifungua?"

Jibu lilikuwa limelala pale tayari, kama shilingi barabarani. Fundi wa Gilgil. Hakuwapo, hakuwa na jina, na nani angebisha? Okeyo alikuwa amelisikia jibu la namna hiyo katika ofisi nyingi, akalingoja sasa, karibu alifurahie.

"Ni mimi," Kipkirui akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Jana niliosha injini nikijua nakuja kwenu. Nikavitoa vyote viwili nivisugue ving'are. Nikavirudisha bila kuangalia. Hapo nilikosea, baba."

Okeyo alimtazama. Kijana alimtazama pia, hakuangalia chini.

"Mtu wa kaunti amesema amekosea," Odero akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Leta redio itangaze."

"Shona viti, Odero," Okeyo akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake.

Walifanya kazi iliyobaki pamoja. Kipkirui alivua koti, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao mpaka pua ya gari ikaangalia mbingu. Wakamimina maji ya kijani ya kupozea injini kupitia katangi, polepole, hita ikiwa imefunguliwa, Okeyo akiminya bomba na Kipkirui akihesabu mapovu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mapovu yakapungua, yakaisha. Kila kifuniko kikarudi kwake. Mitchelle alisimama pembeni na birika tupu, amesahau kuliweka chini.

"Bado," Okeyo akasema. "Gari haijapona mpaka ipande mlima. Twendeni Menengai."

Wakapanda, Kipkirui kwenye usukani, Okeyo kando yake, Mitchelle nyuma. Barabara iliinuka, Nakuru ikabaki chini na ziwa lake la rangi ya bati. Mshale ulisimama katikati, hautingishiki. Kisha gari likagonga shimo, Okeyo akashika mlango.

"Hii shimo ni ya ofisi yako?"

"Ni yetu, baba."

"Mtaiziba lini?"

"Hiyo sijui. Sitakudanganya."

Okeyo akaguna. Lilikuwa jibu baya, na lilimridhisha kuliko mengi mazuri aliyowahi kupewa. Akafungua dirisha, hewa baridi ya mlimani ikaingia.

"Waambie wazee wako waje," akasema, macho yakiwa mbele. "Lakini asikuje mtu na gari ya serikali. Huyo nitamwacha nje ya geti."

Nyuma, Mitchelle alikuwa tayari ameshika simu.

"Na wewe," Okeyo akamwambia Kipkirui, "mbona unaendesha kama tuko matangani? Kanyaga. Nataka kusikia hiyo turbo."