Gundi Bado Ilikuwa Hai

"Kipya hakibandikwi juu ya cha zamani!" Nyanchoka alisema na kuupiga ubao kwa kiganja. "Ng'oa kwanza. Kwangua. Halafu ndiyo upake gundi. Ama unataka kitambaa kinishukie machoni nikiwa kwenye kona ya Keroka, na lori nyuma yangu?"

"Mama, wacha. Kazi ni yangu."

"Na gari ni la nani?"

Jethro alichovya brashi kwenye kopo la gundi. Dari la gari hilo la Probox, ubao mzima, alikuwa amelitoa kupitia mlango wa nyuma na kulilaza juu ya mabenchi mawili mbele ya nyumba yake. Juu ya ubao alikuwa ametandaza kitambaa kipya cha kijivu na kukikandamiza kwa mawe, kama mtu anayeogopa upepo. Upepo haukuwapo.

Nyanchoka alikuwa ametoka Sironga kumkanda binti yake aliyejifungua. Hata viatu vya safari hajavua, na tayari anagombana na mwana wake wa kiume wa pekee.

"Lilishuka lini hili dari?"

"Juzi. Jua limelichoma."

"Jua gani? Hapa Manga penye baridi, nguo zinakauka siku ya pili?"

"Basi ni ukungu. Mama, unanihoji kama polisi?"

Nyanchoka alilijua dari hilo. Aliponunua gari kwa mtu wa Kisumu, kitambaa kilikuwa kinaning'inia kama kiwele cha ng'ombe mzee. Alilitengeneza mwenyewe, hapa hapa uani. Alijifunza kwamba sponji iliyo chini ya kitambaa ikifa hugeuka unga, na unga huo usipokwanguliwa wote, gundi hushika vumbi tu na kazi yote ni bure. Alikwangua mpaka kucha zikatoka damu. Dari lile halikuwa la kushuka lenyewe.

Akatupa jiwe la kwanza chini. Kisha la pili.

"Usiguse!" Jethro aliruka kutoka upande wa pili.

Alichelewa. Nyanchoka alikivuta kitambaa kipya kwa mkupuo mmoja, kikaanguka nyasini.

Upande wa abiria, kitambaa cha zamani kilikuwa kimechanwa. Mistari minne, imekaa sambamba, kana kwamba mtu alining'inia kwa kucha zake. Nyanchoka aliibonyeza sponji kwa kidole. Haikuwa unga. Ilirudi juu kama mkate. Alivuta ukingo wa kitambaa, nao ukamgomea. Gundi yake bado ilikuwa hai. Pembeni mwa mistari palikuwa na doa la kahawia, pana kama sahani, na katikati ya doa palikuwa pamenasa kipande cha rasta za rangi ya divai.

Rasta zile alikuwa amekaa akazitazama zikisukwa. Nywele za Lynette, mke wa Jethro.

"Lynette yuko wapi?"

"Nilikwambia kwa simu. Ameenda kwao Rangwe, kule ziwani."

"Ameenda na nini? Ndara zake zile pale mlangoni. Ameenda miguu mitupu mpaka ziwani?"

"Hao watu wa ziwa unawajua wewe? Alikasirika, akaenda. Mwanamke akikasirika anakumbuka ndara?"

Nyanchoka aliitazama nyumba. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa limepigiwa ubao kwa nje, misumari ikiwa bado inang'aa. Aliwahi kusikia kelele kutoka dirisha hilo. Naye, nyumbani kwake, alikuwa ameongeza sauti ya redio.

Jethro aliona anakotazama, na badala ya kushtuka, akatabasamu. Kwa mila ya Abagusii, mama hakanyagi chumba anacholala mwanawe aliyeoa. Ni aibu inayowafuata wote wawili. Mahali pazuri pa kuficha kitu.

"Ingia basi," alisema taratibu. "Si unataka? Ingia ukakague kitanda cha mwanao, Manga yote isikie. Ingia, Mama."

Nyanchoka akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Jethro alimdaka mkono na kuuzungusha mgongoni mpaka bega likalia. Nyanchoka alipomkanyaga kwa kisigino cha kiatu cha safari, Jethro alimwachia, kisha akampiga kofi la nyuma ya mkono. Nyanchoka alianguka juu ya benchi. Ubao wa dari ukayumba. Mdomoni akasikia ladha ya chumvi, na jino likicheza.

Mtoto alikuwa amempiga mama. Hata Jethro aliutazama mkono wake.

"Umenilazimisha," alisema. Kisha akauinua tena.

Nyanchoka alishika kopo la gundi na kumvurumishia usoni kwa nguvu zake zote. Ukingo wa bati ulimpasua juu ya nyusi. Gundi ilimwagika machoni, ikachanganyika na damu, naye akapiga yowe na kujikuna, vidole vikinatana na kope. Alipapasa hewani, akamshika mama yake sketi. Nyanchoka akachukua kikwanguo cha chuma kilichokuwa benchini na kumpiga kwa bapa lake juu ya vifundo vya vidole, mara moja, mara mbili, mpaka mkono ukaachia. Jethro alikimbia kwa kupepesuka hadi kwenye pipa la maji.

Sebuleni Nyanchoka alipita bila kusimama. Kwenye pazia la chumba miguu yake ilisita yenyewe, kama ng'ombe mbele ya daraja.

Kutoka ndani sauti ya kukwaruza ikasema, "Mama, huku huingii."

"Nimeshaingia," alisema Nyanchoka, na kulirarua pazia.

Lynette alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Mikono ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kufungia ndama. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, taya limekaa upande, na kichwani, mahali palipong'oka rasta, nzi walikuwa wanatua. Nyanchoka hakulia. Alikata kamba kwa kikwanguo, akapitisha bega chini ya kwapa lake, akamwinua.

"Atatuua," Lynette alisema.

"Tembea."

Alimlaza kiti cha nyuma. Kisha akaurudia ubao. Aliusukuma ndani kwa mlango wa nyuma, kitambaa chake kilichochanwa na doa lake vikiwa juu, akafunga. Ufunguo ulikuwa pale pale kwenye swichi, Jethro alipouacha.

Alipowasha injini, Jethro alikuwa langoni. Alikuwa ameifunga milango ya mbao na kusimama mbele yake na panga, jicho moja jekundu likichungulia katikati ya gundi.

"Mama!" aliita. Sauti ilikuwa ya kijana aliyemlea. "Haya ni ya nyumbani. Tumwite baba mdogo Onyiego. Tuchinje mbuzi, tukae chini, yaishe. Ukinipeleka kwa polisi umenizika. Mimi ndiye mwana uliye naye!"

Kwenye kiti cha nyuma Lynette alikohoa kitu chenye maji.

Nyanchoka alishika usukani. Juu ya kichwa chake hapakuwa na dari, bati tupu tu, na mlio wa injini ulimwangukia kama mawe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikuwa anaujua hadi kwenye kucha. Lakini mbuzi wangapi walishachinjwa kwa Onyiego, na wanawake wangapi walirudishwa kwenye chumba kile kile? Wazee wangekula nyama. Lynette angerudi sakafuni. Mara ya pili asingetoka.

"Jishike," alimwambia.

Jethro aliinua panga. "Hutanigonga! Wewe ni mama yangu!"

Nyanchoka akaingiza gia na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Panga lilitua kwenye kioo cha mbele, kikapasuka kama utando wa buibui. Hakugusa breki. Jethro alijirusha wakati wa mwisho; kioo cha pembeni kilimpiga nyonga na kumtupa kwenye rundo la majani ya kulishia ng'ombe, naye akabaki huko akipiga kelele. Lango lilivunjika katikati. Kipande kimoja kiliruka juu ya bati.

Barabarani Nyanchoka alitema jino dirishani. Akakata kona kuteremka Nyamira, hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye, ubao ukigongagonga nyuma.