Redio Iliyoimba Msibani

Kaimu wa Malolo hakuwa mtu wa kuamini mifuko. Mfuko wa suruali huchanwa kwa wembe, mfuko wa shati huchomolewa na mtu anayejifanya anakusalimia, na mkoba ndio kabisa, kazi yake ni kumwonyesha mwizi pa kuanzia. Kwa hiyo mwaka ule wa 2003, alipotakiwa kupeleka shilingi laki nne na thelathini benki ya Nachingwea, alikaa siku mbili akifikiri zitasafiri sehemu gani ya mwili wake. Siku ya tatu akaamua hazitasafiri mwilini. Zitasafiri ndani ya redio.

Hela zenyewe zilikuwa za ufuta, jasho la mwaka mzima, na zote zilikuwa za bintiye Rabia. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na barua ya chuo ilisema ada ilipwe benki, siku ya mwisho Alhamisi; atakayechelewa, nafasi yake apewe mwingine. Benki ya kulipia ilikuwa Nachingwea, na dirisha lake lilifungwa saa tisa. Rabia alikuwa ameifunua na kuikunja barua ile mpaka ikaanza kuachia kwenye mikunjo.

Jumatano jioni Kaimu alirudi kutoka dukani na noti arobaini na tatu za elfu kumi, kazibadilisha kwa ndogo ndogo alizolipwa sokoni. Akatoa betri tatu zilizokufa kwenye redio yake, akazitupa, akazifunga noti kwenye nailoni, akazisukumia pale penye nafasi ya betri, akafunika. Mkewe Hadija alikuwa anapepeta mchele huku akimtazama.

"Na mtu akikwambia uiwashe?" Hadija aliuliza.

"Nitasema betri zimekwisha. Nani katika Ruangwa hii betri zake hazijaisha?"

Hadija akanyamaza. Na Hadija akinyamaza hana maana kwamba amekubali, jambo ambalo mume aliyekaa naye miaka ishirini na mbili angepaswa kulijua.

Asubuhi Kaimu alikwenda msikitini, akarudi, akavaa koti lake jeusi kuukuu alilolikuta limetundikwa mlangoni, akatia shilingi elfu mbili za nauli kwenye mfuko wa shati, akaiinua redio. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Kumbe hela nazo zina uzito wake, alijiambia, na akatoka nyumbani kifua mbele.

Alipata lori la magunia ya ufuta, akakaa juu, redio mapajani. Watu walimsihi aiwashe wapate hata taarifa ya habari. Akasema betri zimekwisha. Hakuna aliyeshangaa, naye akajisifu kimoyomoyo kwa akili aliyojaliwa.

Akili hiyo ilianza kumtoka walipokaribia Mtua. Mwanamke mmoja alipanda njiani akiwa amejitanda kanga mbili, akasema anakwenda kwa mzee Tomasi, kafariki jana, anazikwa leo saa nne.

Kaimu alishtuka. Mwaka wa njaa ni Tomasi huyo huyo aliyemjazia gunia la muhogo mkavu bila kupima na bila kuuliza litarudi lini. Msiba wa mtu wa namna hiyo huwezi kuupita ukiwa umekaa juu ya lori unatazama mbele. Akapiga hesabu: azike saa nne, awape mkono wafiwa, saa saba apate gari jingine, saa saba na nusu yuko Nachingwea. Muda ulitosha. Akagonga bodi, lori likasimama, akashuka.

Alikuwa amekwishaingia uani ndipo akakumbuka mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ukoo wa Tomasi na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. La pili, ameshika redio.

Mtani msibani ana ruhusa yake. Atakupokonya kofia, fimbo, chochote ulichokuja nacho, na wewe utakikomboa kwa mia au mia mbili huku mkirushiana maneno, ili waliolia usiku kucha wapate pa kupumulia. Ukikasirika, umeharibu. Na katika watani wote wa Mtua, wa kuogopwa alikuwa Kornelia, mama mmoja wa Kimakua wa ukoo huo wa Tomasi, mwenye umri wa miaka kama sitini na sauti ya mnada.

"Jamani, njooni mwone!" Kornelia alipaza sauti. "Sisi tunalia, huyu Mmwera katuletea dansi!" Na kabla Kaimu hajakaza mkono, redio ikawa kwapani kwa Kornelia.

Kaimu alicheka kwa meno tu. "Mtani, mia mbili hii hapa. Nipe kitu changu."

"Mia mbili? Upesi hivyo?" Kornelia aliwageukia wenzake. "Huyu hata kubishana hajabishana! Basi mia tano."

Kaimu akatoa mia tano palepale. Kicheko kikaongezeka. Hapo alichanganyikiwa kwelikweli, maana akilipa upesi bei inapanda, na akikataa redio inakaa. Kusema kilichomo ndani, mbele ya watu mia, hakuthubutu. Wakati bado anafikiri lipi ni afadhali, Kornelia aliingia na redio jikoni kwa wanawake, ambako mwanamume hafuati.

Akaenda kuzika. Alishika jembe zamu yake ilipofika, akarusha udongo, lakini ukimuuliza padri alisema nini hawezi kukwambia neno moja. Macho yake yalikuwa kwenye moshi wa lile jiko. Alimwomba Tomasi msamaha moyoni kwa kumzika nusu nusu.

Waliporudi, jua lilikuwa limevuka utosi. Kornelia akatoka na redio, akaiweka kwenye mkeka mbele ya Scholastika, mjane wa Tomasi, ambaye tangu jana alikuwa hajainua uso wala hajaonja uji.

"Mia tano haitoshi," Kornelia alisema. "Kwanza mke wa marehemu aisikilize, tujue kama ni nzima."

"Haina betri!" Kaimu alisema, kwa sauti kubwa mno.

Kornelia akazungusha kitufe.

Redio ikaimba. Tarumbeta, gitaa, na mwanamume analalamika kuwa ameachwa, muziki wa dansi wa kujaa ua mzima, hapo hapo matangani. Watu waliangua kicheko. Wazee walijipiga mapaja. Scholastika mwenyewe alijifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika, na aliyekuwa karibu naye aliona kuwa safari hii si kilio.

Kaimu peke yake ndiye hakucheka. Alisimama kinywa wazi. Redio aliyoitoa betri kwa mikono yake inaimbaje? Akairukia, akafungua kifuniko. Betri tatu mpya, nyekundu, zimelala kwa mpangilio. Nailoni hakuna. Noti hakuna. Alitia kidole ndani akapapasa, kana kwamba noti arobaini na tatu zingeweza kujificha nyuma ya betri. Muziki ulikatika.

Alimwona Rabia na ile barua yake. Akaona saa tisa inakuja. Mengine hakuyaona.

"Mmeniibia!" alipiga kelele. "Wezi nyie! Kornelia, mwizi wewe! Hela za mwanangu mmepeleka wapi?"

Kornelia alibaki anatabasamu kidogo, akisubiri sehemu ya kuchekesha ifike. Haikufika. Tabasamu likaondoka taratibu. Scholastika akateremsha kanga usoni, akamtazama, kisha akainamisha kichwa vile vile alivyokuwa jana.

"Umesema mwizi," Kornelia alisema, sauti yake sasa ya chini. "Hela gani?"

"Zilikuwa humu! Laki nne na thelathini!"

"Humu kwenye betri?"

"Betri sikuziweka mimi!"

Kornelia akakung'uta kanga zake mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Wanawake wa jikoni nao wakatoka, wakakung'uta zao bila kuambiwa. Benedikto, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye watoto wake, alisimama mlangoni na mikono bado ina udongo wa kaburi la baba yake, hajui amtoe mgeni au amwonee huruma.

"Sasa nisikilize," Kornelia alisema. "Mwizi akikuta hela, anachukua hela, anakimbia. Umeona wapi mwizi ananunua betri mpya tatu akakuwekea?"

  Kaimu alijaribu kulipanga jambo lile kuanzia mwanzo, na kila alipofika kwenye betri likamvurugika.

"Nani alijua umeziweka humo?"

"Mke wangu tu."

"Vua koti."

"Koti la nini?"

"Vua."

Akavua. Kornelia aliligeuza ndani nje, akapitisha kiganja kwenye bitana, mifukoni, ubavuni, kisha mgongoni, katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wa mwenye koti haufiki. Hapo kiganja kikasimama. Uzi wa pale ulikuwa mweupe na mpya, wakati bitana yote imeshonwa kwa uzi mweusi. Akauuma kwa meno, akavuta. Nailoni ikatoka, imekunjuliwa ikawa bapa, na noti zote ndani yake.

"Hesabu," alisema.

Kaimu alihesabu noti moja moja. Zilitimia arobaini na tatu. Alikuwa ameziegemea tangu Malolo.

Hakuna aliyecheka. Jambo la kuchekesha kama lile, la kusimuliwa Mtua mpaka wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Mtani," Kaimu alianza, "nisamehe, nilichanganyikiwa..."

"Benki inafunga saa ngapi?" Kornelia alimkata.

"Saa tisa."

Ilikuwa inakaribia saa nane, na barabarani hapakuwa na hata vumbi la gari. Benedikto aliingia nyuma ya nyumba, akatoka na baiskeli. "Chukua hii ya baba," alisema. "Utairudisha."

Kaimu akaingiza mkono mfukoni, akatoa mia tano na mia mbili juu yake, akampa Kornelia kwa mikono miwili. "Ya kukombolea redio."

Kornelia hakuipokea. Aliinua redio, akamtundikia kwenye usukani. "Chukua tu, mzee Kaimu," alisema. "Kitu ni chako." Kisha akaenda kukaa kando ya Scholastika.

Kaimu alikanyaga baiskeli ya marehemu mpaka mapaja yakafa ganzi. Alifika benki dirisha la mwisho likiwa wazi, karani akamtazama jasho, akapiga muhuri. Alitoka na stakabadhi mkononi, na hakuisikia ile furaha aliyokuwa ameiwekea nafasi tangu Jumatatu.

Jioni Hadija alimweleza bila kuogopa. "Nilizishona ulipokwenda msikitini. Ningekwambia ziko wapi, ungejishikashika mgongo mpaka Nachingwea, na mwizi anatazama mkono wako unakwenda wapi. Betri niliweka ili ukiambiwa uiwashe, iwake." Kaimu alitafuta pa kukasirikia akakosa. Kama Hadija angemwachia atumie akili yake mwenyewe, hela za Rabia zingeshinda jikoni kwa watu na yeye yuko makaburini. Mkewe alikuwa amefanya sawa. Kornelia alikuwa amefanya sawa. Ndiyo maana aliumia, kwa sababu aliyebaki kulaumiwa ni mmoja.

Kesho yake alirudisha baiskeli Mtua, akiwa na majogoo wawili wa kuomba radhi. Walimpokea vizuri, wakampa chai, wakasema yamekwisha.

Mwaka uliofuata, Rabia akiwa chuoni, mama yake Kaimu akafariki. Habari zilifika Mtua, na Kornelia akaja Malolo na wanawake saba. Kaimu alikuwa amelia usiku kucha. Alipowaona wanakuja alinawa uso, akavaa kofia yake mpya, na redio akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia angeifikia kwa mkono.

Kornelia alifika mlangoni. Akaitazama redio, akamtazama Kaimu.

"Pole sana, mzee Kaimu," alisema. "Mungu amweke mahali pema."

Wakapita. Waliteka maji, walitwanga, walipika, walikaa na wafiwa siku mbili kwa adabu kubwa, sauti za chini, hawakugusa kofia ya mtu, utadhani si watani. Siku ya tatu waliaga na kuondoka. Kaimu aliwasindikiza mpaka barabarani akirudia kuwaangalia mikono, kama kuna aliyebeba japo kiatu chake kimoja. Hakuna aliyebeba kitu.

Akarudi nyumbani. Redio ilikuwa pale pale kwenye kigoda, na betri zake tatu ndani. Akaibeba, akaiingiza chumbani, akakaa kitandani akalia upya, na Hadija alidhani anamlilia mama yake tu.