Kombe la Ibtihal

"Mashaallah, Bi Zamzam, mjukuu wako kanona! Mwamlisha nini?"

Aliyeuliza ni Bi Ruqaiya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na aliuliza mbele ya wanawake wote waliokuja Ijumaa ile kumsomea mtoto Yasini. Huyo bibi hana swali la faragha.

"Wali na samaki," nikamjibu. "Hula mwenyewe sasa, alhamdulillahi."

Uwongo mtupu. Ibtihal ana miaka saba, na akili yake haijafika ya mtoto wa miaka miwili. Tangu azaliwe, kila anachomeza hukimbilia kifuani. Nimemlisha uji kwa kijiko hadi mkono ukafa ganzi, na bado alikohoa, akashikwa na homa, akabaki mifupa. Mwaka jana Radhiya, mke wa mwanangu, alimpeleka hospitali Mombasa, wakarudi na mpira mwembamba umechomoza tumboni, juu kidogo ya kitovu. Chakula husagwa kikawa laini, kikavutwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kikasukumwa polepole ndani ya mpira. Kinywani hakipiti kitu, hata maji.

Mtoto kanona kweli, siwezi kukataa. Lakini naona haya jamani, haya ya kutaka kuingia ndani ya ukuta. Nyumba hii watu wamekula humu masinia kwa masinia, leo mtoto wa humu atiwe chakula tumboni kama injini ya boti inayotiwa mafuta? Basi kila wakati wa kumlisha nafunga mlango wa ndani, na mtaani hajui mtu.

Kisomo kilipokwisha nikaleta kombe. Mwalimu Abdulghafur alikuwa ameliandika asubuhi, aya za shifaa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, nami nikaliosha kwa maji ya marashi mpaka likajaa kikombe kizima, manjano linanukia. Hiyo ndiyo dawa yetu tangu na tangu.

Radhiya akaniinamia sikioni. "Mama, nipe nikampe ndani. Kwa mpira."

"Wewe! Maneno ya Mwenyezi Mungu yapitishwe kwenye mpira?" nikamnong'oneza kwa hasira. "Kinywa ndiyo ndia ya kupita."

"Atapaliwa, Mama. Tafadhali."

"Mnanong'onezana nini?" Bi Ruqaiya akadakia. "Si umesema hula mwenyewe? Mnyweshe hapa hapa, sote tuitikie amina."

Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini nyuso zote zilikuwa zimenigeukia, na uwongo wangu ulikuwa bado wa moto kinywani. Nikajiambia kombe si uji, kombe ni baraka, litamdhuru vipi? Radhiya akanyoosha mkono achukue kikombe, nikausukuma pembeni. Nikamshika Ibtihal kidevu, nikasema bismillahi, nikamtilia.

Kwanza alitabasamu. Kisha pumzi ikakatika. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi, miguu ikawa inapiga mkeka bila sauti yoyote kumtoka.

"Yarabi toba! Mtoto huyo!" wanawake wakapiga kelele. Mimi nimekaa tu, kikombe mkononi, sina akili. Ni Radhiya aliyemnyakua, akamlaza kifudifudi mapajani mwake, akampiga mgongoni, akampiga tena na tena, mpaka maji ya manjano yakamtoka puani na kilio kikafuata. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Radhiya hakunifokea. Laiti angenifokea! Alimpangusa mtoto uso, kisha akasema mbele ya wote, "Mama, daktari alituambia kumpa kitu kinywani ni kumuua. Kombe lililobaki litapita panapopita chakula chake." Akaenda kuchukua bomba lake, akarudi akampakata mwanawe, akashika pindo la gauni alipandishe.

Ibtihal akakataa. Aling'ang'ania gauni kwa mikono yote miwili, akalivuta chini mpaka likamfunika magoti. Radhiya akijaribu huku, yeye anavuta huku.

"Ana nini mtoto?" Bi Ruqaiya akauliza, na safari hii kwa upole.

Mimi nilijua ana nini. Kila mlango ukigongwa, mimi humshusha gauni upesi, nikamwekea mikono yake tumboni, nikamwambia, "Funika mwanangu, aibu." Akifunika, namsifu, nambusu. Walimu wa shule ya watoto kama yeye wamehangaika naye wee, hata kuitikia jina lake hajashika. Somo la kwangu kalishika. Na sasa, machozi yangali mashavuni, kifua kinakoroma, alikuwa amefunika barabara, ananitazama mimi, anangoja busu lake.

Nikamwendea. Nikambandua vidole kimoja kimoja, nikampandisha gauni kwa mkono wangu mbele ya wanawake wote. Mjukuu wangu alilia kuliko alivyolia alipopaliwa.