Laini ya Nyumbani

Appolinaire alisimama nje ya ua wangu hapa Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ameegemea fimbo, akakataa kuingia. Alikuwa amesafiri siku nne kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, akiwa na mguu uliovunjika. Nilikimbia kumpokea mzigo. Aliuvuta nyuma.

"Nilikuya kukuona mu macho tu," alisema. "We njo uliniuzisha, dada."

Akageuka, akaenda kulala Juru, upande mwingine wa kambi, kwa Venuste, Mrundi waliyejuana naye kwenye lori. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni tangu nikiwa na miaka saba, alichagua mkeka wa mgeni. Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Niseme ilivyokuwa. Appolinaire alikuwa mwalimu. Watu wenye silaha walipowachukua vijana wa kijiji chetu, aliandika majina yao yote kwenye daftari, akaongeza na majina ya waliowachukua. Tangu hapo akawa mtu wa kutafutwa. Alihama chumba hadi chumba pale Uvira, na kila alipohama aliniandikia mimi peke yangu.

Aliniandikia kwenye namba ileile ya zamani. Nilikuwa na miaka miwili Nakivale na sijaitoa laini ya nyumbani kwenye simu, na wengi wetu hapa tuko hivyohivyo. Ukiitupa laini hiyo umejizika mwenyewe, maana ndugu waliotawanyika porini hawaijui namba nyingine. Ikifika Uganda hupokelewa na mtandao wa hapa kama mgeni aliyepewa kitanda, na mtandao wa kwetu huarifiwa uko wapi ili ukutumie ujumbe wako.

Jumatano hiyo nilikuwa napura maharage. Simu ikaandika kwamba akaunti yangu ya kuchati imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nilidhani ni mtandao wa Rubondo tu, ambao haupiti siku bila kukohoa. Nikaiweka simu dirishani, nikaendelea na maharage yangu. Saa nzima! Muda huohuo mtu nisiyemjua alikuwa anamwandikia ndugu yangu kwa jina langu na picha yangu, akimuuliza amelala wapi, eti kuna mtu anampelekea dawa ya malaria. Appolinaire akajibu. Waliokuja hawakuwa na dawa. Aliruka ukuta wa nyuma, na huko ndiko mguu ulikovunjikia.

Ili kuifungua akaunti ile, mtu alihitaji tarakimu sita ambazo hutumwa kwa ujumbe kwenye namba ya mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu alijua jibu: ni mimi, Nabintu, niliyezitoa. Niliapa kwamba tarakimu hizo sikuziona kabisa, nani anisikilize? Niliupigia simu mtandao wa nyumbani, wakanishauri nibadilishe neno la siri. Georgette, mama mchungaji wetu, alikuja na Biblia kuniambia nitubu. Nilimwambia atangulie yeye.

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama yetu mzazi, ninayeishi naye, mjini Mbarara, hospitali ya Ruharo, akatolewe mtoto wa jicho. Kwenye benchi nilikaa na Goretti, mwanamke wa huko Mbarara aliyemleta baba yake. Aliponiambia anafanya kazi kwenye mitambo ya kampuni ya simu, nilimmwagia yote, na sikummwagia kwa upole. Hakujitetea. Aliuliza namba, tarehe na saa. Kesho yake alirudi na uji wa baba yake, akaketi karibu nami.

"Madam, simu yako ilikuwa hapa tu," alisema. "Mnara ya Rubondo ilikuwa inaiona. Lakini saa kumi na dakika kumi na nne, network ya kwenu ilituambia, huyo mtu ametoka, ako nchi ingine, mumuondoe."

Nilimuuliza nchi gani. Hakujua. Mtu fulani aliyepata upenyo kwenye njia ambayo mitandao huongea yenyewe kwa yenyewe aliuambia mtandao wa kwetu kwamba nimefika kwake, ujumbe wangu atumiwe yeye. Wakamtumia. Nikauliza, hakuna aliyejiuliza mwanamke anayepura maharage Nakivale avukaje mpaka kwa dakika moja? Hakuna, alisema. Njia hiyo ilitengenezwa zamani na kampuni chache zilizoaminiana, na siku hizi kuna wanaouza nafasi ya kuingia. Vichujio vya kukagua maneno ya namna hiyo vipo. Wengine wameviweka, wengine wanangoja.

Wanangoja nini? Nilimwambia kwamba kwetu Kivu hata mama yako mzazi akikupa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anaonja kwanza mbele ya macho yako, maana sumu haina sura. Na hawa wenye mitambo na vyeti wanakunywa kikombe cha kila mpita njia?

"Wanakunywa, madam," alisema Goretti.

Alinielekeza namna ya kuomba rasmi taarifa za namba yangu. Niliomba, nikazungushwa, nikaomba tena kwa sauti ambayo mlinzi wa ofisi ya kampuni hiyo aliikumbuka siku zote. Baada ya wiki tatu nilipata karatasi yenye mhuri, nikaenda nayo Juru kwa baiskeli ya kuazima.

Appolinaire aliisoma mara mbili. Akatoa simu yake, akalinganisha: saa kumi na dakika kumi na nne kwenye karatasi, kumi na ishirini na moja kwenye swali aliloulizwa.

"Unisamehe, dada. Karatasi inaonesha siyo weye."

Hapo ndipo nilipochemka hasa.

"Mutu haumuone anakuandikia, unamuamini," nilimwambia. "Karatasi ya batu haubajue, unaiamini. Miye nilikubeba mu mugongo, nikakuambia siyo miye. Haukuniamini."

Nilipanda baiskeli, nikamwacha na karatasi yake. Miezi mitatu ikapita. Alituma salamu kupitia Venuste, alituma mahindi. Mahindi nilipokea, salamu nilikataa.

Leo asubuhi mama, ambaye sasa anaona, aliomba kumwona mwanawe. Nikampigia kwa namba ileile. Alipokea, lakini hakuniamkia.

"Ile mbuzi ya papa," alisema, yaani baba yetu, "ilikuwa na pembe ngapi?"

Nilitaka kukata. Kisha nikasikia anavyopumua kwa shida upande wa pili, mtu mzima anayeogopa sauti ya dada yake, nikajua swali hilo alipaswa kuliuliza Jumatano ile, na kabla yake mitandao ndiyo ilipaswa kuuliza kama kweli ni mimi.

"Moja," nilisema. "Ingine ni weye uliivunja."

"Sema sasa, dada," alisema. "Ninakusikia."