Mbavu za Ndege

Kr, kr, kr. Kisha kimya. Kisha kr, kr tena, pale juu ya sanduku la nguo.

Nililala macho wazi gizani nikisikiliza. Majogoo walikuwa bado. Binti yetu Fatu alikuwa amenilalia mkono, na mume wangu Isihaka anakoroma upande wa ukutani. Nikajiambia ni panya huyo, ameiba gunzi jikoni, atamaliza aende zake. Kisha nikakumbuka ni kitu gani nilikiweka juu ya lile sanduku, nikaruka kitandani hata Fatu akaamka analia.

Niliwasha koroboi. Hawakuwa panya. Walikuwa mende, wekundu wanang'aa, wamelizunguka bawa la juu la ndege yangu kama watu walioketi kwenye sinia la wali. Nikawapangusa kwa kanga, lakini nilikuwa nimechelewa. Karatasi ilikuwa imeliwa kuanzia ncha mpaka katikati, na vijiti vimebaki uchi.

"Mama Fatu, kuna nini?" Isihaka akauliza.

"Wameila ndege."

Akaja akainama, akatazama kwa muda. "Uliibandika kwa nini?"

"Kwa uji wa muhogo."

Akafunga mdomo. Niliona mabega yanamtikisika. "Kwa hiyo umewapikia kabisa," akasema.

Sikucheka. Mama yangu alikuwa anafika siku hiyohiyo kwa lori la kutoka Ruangwa, na ile ndege niliiunda kwa ajili yake.

Mama yangu, Mwantumu binti Mbaruku, alikuwa akiishi peke yake Nandagala. Masika yaliyopita kifua kilimbana, jirani akamkuta amelala ndani hana moto wala maji. Tangu siku ile haja yangu ilikuwa moja tu: ahamie kwetu Nachingwea, awe karibu na hospitali, karibu na mimi. Chumba kilikuwepo na kitanda kilikuwepo. Lakini mama alikuwa hakai Nachingwea, kwa sababu Nachingwea kuna ndege.

Wakati wa vita vya Mjerumani mama alikuwa binti mdogo mwenye mtoto wake wa kwanza, kaka yangu Shaibu, ambaye mimi sikumkuta. Siku moja, jua likiwa juu, kitu kikapita juu ya Nandagala kikinguruma, kina mabawa mawili mawili, bawa juu ya bawa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuona jambo kama hilo. Watu wakaacha vyungu motoni, wakakimbilia porini, na mama naye akakimbia. Alipofika porini ndipo alipohisi mgongo wake mwepesi. Shaibu alikuwa amemwacha amelala nyumbani. Aliporudi jioni alimkuta mzima, ila sauti imemkauka kwa kulia. Mwaka haukuisha, njaa na homa vikamchukua, kama vilivyowachukua watoto wengi wa wakati ule. Lakini mama aliweka moyoni kwamba kilichomuua ni siku ile. Ukoo wote unajua, na hakuna anayelitaja mbele yake.

Mara mbili nilimleta kukaa nasi. Mara mbili ndege ya barua ikapita juu ya bati letu ikienda kutua uwanjani, naye akajitupa uvunguni mwa kitanda, na asubuhi yake akafunga mzigo wake akarudi.

"Si kwamba sikupendi, mwanangu," aliniambia mara ya mwisho, mguu mmoja uko juu ya lori. "Lile jitu linanijua."

Sasa, mwaka ule wa hamsini na moja mradi wa karanga ulikuwa unapunguzwa, na Wazungu wengi walikuwa wanagawa vitu vyao kabla ya kuondoka. Kwenye karakana ya mradi wengine walipata meza, wengine vyandarua. Isihaka, ambaye ni seremala pale, alirudi na boksi jembamba la karatasi ngumu. Juu ya kifuniko palikuwa na picha, na nilipoiona nikakaa chini. Ndege ya vita ya zamani, bawa juu ya bawa.

"Ni kitu cha kuchezea," Isihaka akasema. "Unaiunda mwenyewe. Bwana mkubwa wa karakana alikuwa nazo tano, zinaning'inia darini kwake."

"Hii ndiyo iliyomkimbiza mama."

"Basi nikairudishe?"

"Iache hapo," nikasema.

Ndani ya boksi hamkuwa na ndege. Mlikuwa na vijiti, mabapa ya mti yaliyochorwa maumbo, karatasi laini iliyokunjwa, magurudumu mawili madogo kama vifungo vya koti, na ramani kubwa. Ule mti sijapata kuushika mfano wake. Ukiuweka kiganjani, kwa wepesi wake unatazama tena kama bado upo. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabia siku za juma. Nikaipeleka ramani kwenye darasa la jioni la wanawake nililokuwa nikisoma, na Mwalimu Eustace akaacha somo la kujumlisha, akaitandaza mezani, wanawake wote tukamzunguka.

"Ndege yenyewe ilikuwepo kweli," akatueleza. "Hii imepunguzwa. Inchi moja ya hapa ni futi mbili za kule. Bawa, mkia, gurudumu, vyote kwa kipimo hichohicho. Hakuna kilichoonewa."

Nilirudi nyumbani nikiwaza maneno hayo. Kwamba jitu la mama lilipimwa na mtu kwa rula, kila ubavu wake, likaandikwa kwenye karatasi, na mtu mwingine mahali popote, hata mimi, anaweza kulisoma.

Nikaanza. Unalaza ramani juu ya ubao, unaipaka nta ya mshumaa ili vitu visigandie, unapanga vijiti juu ya mistari, unavishika kwa pini. Zile mbavu za bawa unazikata kwa wembe, moja moja, na ukikohoa umeharibu. Isihaka alijaribu, akavunja mbili, akasukuma ubao upande wangu.

"Mimi nimezoea mninga," akasema. "Hii kazi ni ya mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto."

Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka ndani ya kichupa. Ndipo nikapika uji wa muhogo, ule tunaotilia nguo wanga, na nikabandika nao karatasi juu ya mbavu. Ikakaa vibaya, imelegea kama shati la kuazima. Lakini maelezo, kama alivyoyasoma Mwalimu, yalisema irushiwe maji. Nikajaza maji mdomoni nikapuliza, kama tunavyopulizia nguo kabla ya kupiga pasi. Karatasi ikakunjamana yote. Nikajua nimeiharibu kazi yangu. Nikaiweka kivulini, nikaenda kuchambua mchicha nisiione.

Niliporudi ilikuwa imekaza. Haikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikaigusa kwa ukucha, ikalia kama ngoma ndogo, na nilipoiinua mwanga wa jua ukapita ndani yake, mbavu zote zinaonekana kama mkono wa mtoto ukiuweka mbele ya taa. Nilisimama pale mpaka mchicha ukanyauka.

Hiyo ndiyo ndege iliyoliwa na mende siku ya kufika mama.

Alishuka kwenye lori mchana, amekonda. Nilikuwa nimekwisha kuamua kutomwonyesha kitu. Kibovu kile kingemwambia nini? Lakini hatujamaliza kumpa maji ya kunawa, Fatu akasema, "Bibi, mende wamekula ndege ya mama."

Mama akanitazama. "Ndege gani?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamweleza taratibu, boksi, vijiti, darasa, yote. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Ilete," akasema.

Niliileta imefunikwa kanga. Nikamwomba akae mkekani kwanza. Nilipoifunua alirudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta, na mimi nikataka kuifunika tena, lakini akainua mkono kunizuia. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, kama mtu anayepima chungu kama kimepoa, akagusa pale mende walipokula.

"Ina mbavu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama sisi."

Isihaka alikuwa amekaa barazani ametugeuzia mgongo. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, ni heshima, kwa hiyo maneno yao hupita kwa mtu wa katikati, na wa katikati siku hiyo alikuwa Fatu.

"Fatu, muulize baba yako, ndani ilikuwa chuma?"

"Baba, ndani ilikuwa chuma?"

"Mwambie bibi, mti na kitambaa. Chuma ni injini, na nyaya."

"Bibi, mti na..."

"Nimesikia. Masikio yangu hayajaliwa na mende."

Nikaona Isihaka ameficha uso kwenye goti. Mama akaichukua ndege mapajani. Akaipindua, akachungulia tumbo lake, akaugusa mkia, akayazungusha magurudumu, na kila kitu alichokigusa alikitaja polepole kwa Kimwera, mguu, mgongo, shingo. Kisha kidole chake kikaingia kwenye tundu nyuma ya bawa.

"Na hapa?"

"Pa kukaa mtu," nikasema.

"Mtu gani?"

"Anayeiendesha. Anakaa hapo, kichwa kiko nje, anapigwa na upepo."

Nje mtu alikuwa anatwanga, nasi tulimsikiliza anavyotwanga.

"Miaka yote hii," akasema baadaye, "mimi najua lilikuwa na macho yake lenyewe."

Akageuka kwa Fatu. "Muulize baba yako, ile ya kweli ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Isihaka aliinuka, akachukua kamba na debe la majivu, akashuka uani. Nilimshikia ramani. Akapima bawa kwa rula, akazidisha, akavuta kamba, akamwaga majivu. Bawa lilianzia kwenye mpapai likapita mbele ya nyumba yote, tukalazimika kuhamisha banda la kuku. Mkia ulifika njiani, na majirani wakasimama kuuliza kama tunajenga msikiti. Tulipomaliza tukarudi kando. Ilikuwa imelala pale chini ndege nzima, nyeupe, na nyumba yetu imekuwa ndogo.

Mama alitoka akaizunguka. Akajishika kanga, akavuka mstari wa majivu kwa uangalifu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akasimama nyuma ya bawa.

"Alikaa hapa?" akauliza, na alimuuliza Isihaka mwenyewe, macho kwa macho.

Isihaka akatazama chini. "Hapo, mama. Hatua moja nyuma."

Akarudi hatua moja. Akainua uso juu, akatazama mbingu kwa kitambo, kisha akatazama chini, kama anayetafuta kitu mbali sana.

"Juu kote kule," akasema, "amekalia vijiti na kitambaa. Hivi mama yake alijua yuko wapi?"



Kesho yake mama aliniambia uji wa muhogo ni chakula, mdudu ana haki ya kula. Akamtuma Fatu kwenye mikorosho akabandue utomvu uliogandia magome, akauloweka kwenye maji ya moto mpaka ukawa kama asali. "Huu hawausogelei," akasema. Tukakata karatasi iliyobaki, tukalivika bawa upya, mimi nashika, yeye anapaka kwa unyoya wa kuku. Nikamwambia sasa ni maji. Akajaza mdomo, akapuliza, na karatasi ilipokunjamana akanitazama kwa hofu.

"Nimeiua?"

"Subiri tu, mama."

Alikaa nayo kivulini. Nilimwita kula akakataa. Alikuwa amepiga magoti anaangalia mikunjo ikiondoka mmoja mmoja, bila mkono wa mtu, na ilipokaza yote akaweka sikio juu ya bawa, akaligonga kwa ukucha.

"Mwanaima," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipozaa. "Na watu wanajua kufanya hivi."

Sikumwambia kwamba ndege ya barua inakuja siku ya pili yake. Nilitaka kumwambia, kisha nikaogopa kwamba nikimwambia atafunga mzigo usiku huo. Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba ninafua. Fatu alikuwa anacheza uani mbele, na mama nilimwacha ndani anakunywa chai.

Niliisikia kutoka upande wa Lindi, kwanza kama nyuki, kisha kama mashine ya kusaga. Nikaacha nguo ndani ya beseni, nikakimbilia chumbani kwa mama mikono inadondosha povu. Nikainama nikatazama uvunguni. Hakuwemo. Kitandani hakuwepo. Kikombe cha chai kilikuwa sakafuni, kimepinduka, na mlango wa mbele uko wazi.

Nilidhani ameshakimbilia porini. Nikatoka nikiita, na mngurumo ulikuwa umefika juu ya bati, nikashindwa kuisikia hata sauti yangu.

Mama alikuwa amesimama katikati ya ua. Kilemba kilikuwa kimemwanguka. Lakini uso ulikuwa juu. Ndege ikapita chini chini, mabawa mawili mawili, kivuli chake kikatufunika, yeye na mwanangu aliyekuwa kando yake na mimi, kikaenda. Niliona kichwa cha mtu nyuma ya kioo.

Mngurumo ukaishia kwenye miti ya uwanja wa ndege. Kuku wakatoka walikojificha. Fatu akanigeukia, ametulia kabisa.

"Mama, bibi amenishika mkono."