Glasi Yenye Kisahani Juu

Binti alizikuta hostia, mikate myembamba ya Komunyo, ndani ya foronya alipokuwa akibadilisha mashuka ya mama yake. Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, nyingine zimejikunja kingo, nyingine zimeshikana. Alikuwa mshonaji, na mikono yake ilizoea kushika kitu kabla ya kukifikiria. Safari hii aliirudisha nyuma.

"Mama, hizi ni nini?"

"Unazijua. Usinifanye mtoto."

Tangu miguu ya mama ilipokataa, padre alimletea Komunyo kila Ijumaa. Mama alifungua kinywa, akajibu amina, akafumba macho. Majirani waliopiga magoti kando ya kitanda walidhani anasali. Kumbe alikuwa akingoja watoke ili aitoe chini ya ulimi.

Padre alifika mchana huohuo.

"Kaa, padre," alisema mama. "Kiti hicho kinayumba kama mahubiri yako, lakini hakijaangusha mtu bado."

Padre alikaa. "Kwa nini, mama?"

"Nilifundishwa kwamba anayekula akiwa na kinyongo anakula hukumu yake. Au mmebadilisha?"

"Hatujabadilisha. Ungeniambia nisikupe."

"Mbele ya majirani? Waanze kuuliza nimemuua nani?"

Hivyo alikwepa kosa moja kwa kutenda lingine, na alijua uzito wake. Enzi za nguvu zake alifua vitambaa vya altare, na maji ya kwanza, kwa ajili ya chembe za hostia, hakuyamwaga kwenye mfereji hata mara moja, ila udongoni.

Kinyongo chenyewe hakikuwa siri nyumbani mle. Mwanawe mkubwa alikuwa mwashi, na mafundi wenzake walimwita Timazi kwa sababu ukuta wake haukuinama. Jukwaa lake la mbao lilianguka likiwa limembeba mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, na ndoo ya zege, na mdogo akafa papo hapo. Timazi alisema kamba iliyolifunga jukwaa ilikatika. Mama aliiona kamba. Ilikuwa imeviringishwa kando, nzima. Hakusema neno, wala hakumkaribisha tena chumbani mwake. Kila Jumapili baada ya misa Timazi alikuja, akakaa uani na dada yake, akarekebisha alichokikuta kimeharibika. Ua wote aliusakafia saruji. Mama alilala akiutazama ukuta, ambao pia aliujenga Timazi.

"Unataka kuungama?" padre aliuliza.

"Niungame nini, wakati sitaki kukiacha?"

"Kusamehe si kujisikia vizuri, mama. Ukitaka tu, inatosha."

"Nikisema nataka nitakuwa nimeongeza uongo."

"Basi siwezi kukuondolea dhambi." Alilisema taratibu, kama daktari anayesoma majibu. "Hali ikibadilika niite, saa yoyote."

Aliomba glasi safi na maji. Alizitumbukiza hostia, akafunika kwa kisahani, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria. Alimwagiza binti angoje mpaka zisibaki na umbo, kisha amwage maji penye udongo pasipokanyagwa na watu.

Binti alimpigia kaka yake simu kabla padre hajafika barabarani. Alimweleza yote, akamaliza kwa kusema, "Anakufa, kaka. Usikae uani leo."

Timazi aliingia na viatu vyenye vumbi la saruji. Alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kupima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile kamba uliifunga?"

Binti alitaka kutoka. Mama akasema, "Wewe baki."

Timazi aliitazama glasi. Hostia zilikuwa zimevimba, zinaelea.

"Sikufunga," alisema. "Giza lilikuwa linaingia. Nikasema nitafunga kesho asubuhi. Nikasahau kumwambia asipande."

"Kwa padre ulisema?"

"Nilisema. Zamani."

"Kwa padre ulisema," mama alirudia. Alipumua kwa shida, akaugeukia ukuta. "Nimesikia. Nendeni nje, nipumzike."

Jioni binti alianzisha Baba Yetu kando ya kitanda. Mama alifuatisha kwa sauti ya chini. Walipofika penye kuwasamehe waliotukosea alinyamaza, kama alivyonyamaza siku zote tangu msiba. Akaendelea penye kishawishi.

Asubuhi alikataa uji. Jua lilipofika dirishani alisema, "Mwite padre."

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwite."

Padre alikuta mwili una joto na pumzi haipo. Alimpaka mafuta kwa sharti, ikiwa bado yu hai, kwa kuwa Kanisa linaruhusu hivyo pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika.

Timazi alifika akihema. Alimshika dada yake mkono, mlangoni.

"Alisemaje?"

"Alisema aitwe padre."

"Kuhusu mimi?"

"Alisema aitwe padre, kaka. Hakuongeza."

"Kuita kunahesabika," padre alimwambia Timazi. "Padre haitwi bure."

"Pengine alikuita akutanie tu," alisema Timazi. Padre alikifunga kichupa cha mafuta.

Baada ya mazishi binti aliinua kisahani. Ndani mlikuwa na maji yenye weupe hafifu, bila umbo lolote. Alitoka na glasi uani, akasimama. Ukuta hadi ukuta palikuwa na saruji, na mlangoni njia ya watu.

Timazi alileta tindo na nyundo. Alichagua pembeni, chini ya dirisha la mama, akaanza kupiga. Alikuwa amepasakafia kwa uaminifu, zege nzito juu ya kokoto, na mapande yalitoka madogomadogo. Ngozi ya kiganja ilichanika. Dada yake alisema wangeweza kwenda nyuma ya kanisa, yeye akaendelea kupiga. Udongo ulipoonekana ulikuwa mweusi na mkavu.

Binti alimimina. Maji yalisimama kidogo, yakazama.

"Utapaziba?" aliuliza.

Timazi alikuwa akikusanya vipande ndani ya ndoo. "Hapana," alisema.